Mgongo haufungwi hogo

Kama mgongo unakusumbua, basi kaa vizuri kwenye kiti, maana mwezi huu safu hii ni yako. Ni yako na ya mwenzi wako pia, kwa sababu maumivu ya mgongo yakishaingia nyumbani hayamsumbui mtu mmoja, yanawasumbua wawili.

Wenzetu huko nje huumia kwa kuanguka na farasi. Unamkumbuka Christopher Reeve, yule Superman wa kwenye sinema? Mei 1995 alianguka kutoka juu ya farasi huko Virginia, Marekani, akaumia shingo vibaya na kupooza mwili. Alifariki mwaka 2004. Sisi farasi wetu ni bodaboda, na kama kuna mahali farasi huyu anateleza, ni Rungwe. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ni vilima kila upande, na ukiacha tu lami unakutana na tope linaloteleza kama sabuni.

Huko ndiko ukweni kwangu, na huko ndiko nilikoanguka. Tulikuwa tunashuka kilima, mimi nikiwa abiria, pikipiki ikaserereka, nikafikia makalio. Dereva aliinuka anajifuta tope. Mimi hata kujigeuza sikuweza. Vijana wakaja mbio, mmoja akae mabegani, mwingine miguuni, nipakiwe mshikaki kwenye pikipiki nyingine.

Aliyewazuia ni baba mkwe. Mnaojua mila za Kinyakyusa mnajua jinsi mkwe wa kike na baba mkwe walivyokuwa wakikwepana, na wazee wengine bado wanaheshimu hilo. Basi mzee alisimama mbali, uso kaugeuzia kwenye migomba, akaamuru mlango wa stoo ung'olewe, nigeuzwe taratibu kama gogo, nilazwe chali juu yake. Hospitali walinipiga picha. Mfupa haukuvunjika, ni misuli na kano za kiuno zilizoumia.

Jamani, mzee yule alijua analofanya. Mtu aliyeanguka vibaya habebwi mikono na miguu, na pikipiki si ambulensi. Kama mfupa umepasuka, kumkunja kunaweza kuumiza mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Na yule bibi hodari wa kuchua mwambie asubiri kwanza picha ya daktari. Kukandwa maji ya moto hakuna neno siku zinazofuata, ukishahakikishiwa kuwa hakuna kilichovunjika.

Shika na dalili hizi: miguu kuishiwa nguvu, ganzi mapajani kwa ndani au sehemu za siri, kushindwa kukojoa au haja kutoka bila kujijua. Ukiona mojawapo usisubiri kesho. Rungwe kuna hospitali ya wilaya pale Makandana, kuna Igogwe, na mambo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko kwenye shughuli.

Wiki ya kwanza mume wangu alinilea kama yai. Uji kitandani, chai kitandani. Nikitaka kusimama, "Lala mama, pumzika." Ni mapenzi hayo, sikatai, lakini mtaalamu wa fiziotherapia alituambia wote wawili kwamba kitanda si dawa. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa jiji la Helsinki waliokuwa na maumivu ya mgongo. Walioendelea na shughuli zao za kawaida, kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipona haraka kuliko walioambiwa walale siku mbili. Basi nikaanza: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa jirani, keshokutwa mpaka gengeni.

Wiki ya tatu upepo ukageuka. "Si jana umekwenda gengeni kwa miguu? Leo kudeki kunakushinda nini?"

Hapo, shosti, ndipo nyumba nyingi zinapopata ufa. Ungevunjika mguu ungefungwa hogo, kila anayepita angekupa pole. Mgongo haufungwi hogo. Mgonjwa anaanza kuonekana mvivu, baadaye mwongo, na usiku akigeukia ukutani anaambiwa ana mwingine. Kumbe anaogopa tu kugeuzwa vibaya.

Sikutaka ugomvi. Nilimwambia, "Baba, kuanzia leo nitakupa namba. Sifuri siumwi, kumi nalia." Ikawa kila asubuhi kabla ya salamu ananiuliza, "Namba ngapi?" Nikisema saba, anachota maji yeye. Nikisema tatu, ananiacha nitembee na wala hanihurumii. Mambo ya chumbani nayo yakapata njia: anayeumwa ndiye anayepanga mwendo na mkao, kulala ubavu husaidia, na ukisema "hapo basi", iwe basi.

Mengine ni haya. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Lala ubavu na mto katikati ya magoti. Beseni la nguo lipandishe juu ya stuli, na fagio liwe la mpini mrefu. Mkungu wa ndizi uache kwa sasa, na siku ukirudi kubeba, chuchumaa, usiinamie kiuno. Dawa kama diclofenac usizimeze mwezi mzima kwa kujiandikia mwenyewe, zinaweza kuumiza tumbo na figo. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita hivi. Zikipita na bado hulali, rudi hospitali.

Na usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo sehemu ya kiunoni. Hebu fikiria ni vyumba vingapi hivyo ambavyo mmoja anaumwa na mwingine haamini.

Kwa hiyo wewe kaka unayesoma gazeti la mkeo kwa kuibia, na wewe dada ambaye mumeo amerudi shamba kiuno kimekaza: usimfunge kitandani, wala usimwite mvivu. Muulize tu, "Leo namba ngapi?" Halafu amini atakachokujibu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.