Mapenzi ya Mji Mkongwe hayaishii Forodhani

Mgeni anayelala Bwejuu, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, na kuja Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa siku moja huonyeshwa milango ya nakshi na machweo ya bustani ya Forodhani, ilhali kisa kizito zaidi cha mapenzi mjini humo kilihusu mapaa bapa ya nyumba mbili jirani, ambako Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, aliweza kumwona Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Alipokuwa mjamzito alitoroka Agosti 1866 kwa Highflyer, manowari (yaani meli ya vita) ya Kiingereza, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa na Heinrich huko Aden. Miaka 3 baadaye mumewe alifariki huko Hamburg kwa ajali ya tramu, gari la abiria lipitalo juu ya reli za mjini, akamwachia watoto watatu wadogo ugenini.

Inasikitisha kwamba waongoza watalii wengi hukiharakisha kisa hiki, kwani kumbukumbu alizozichapisha Salme kwa Kijerumani mwaka 1886 zinaeleza maisha ya kasri kwa undani, na magofu ya kasri hilo la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji, yanastahili ziara ya wapendanao kuliko duka lolote la zawadi.