Uvira: kivuli kwanza, kuku baadaye

Katika mji wa Uvira, jamaa nyingi zinatamani kufuga kuku ndani ya parseli ili kupata mayai na feza za masomo ya watoto. Nia ni njema. Kosa ni kununua vifaranga mia moja kwa mkopo kabla ya kufikiria joto.

Kuku hatoki jasho. Joto likipita digrii 30, anahema mdomo wazi, anakula kidogo na mayai yanapunguka. Kibanda kilichofungwa pande zote, chini ya mabati yaliyo karibu na kichwa, kinamuua mchana mmoja. Kuku wanakufa, deni linabaki.

Anayeanza atosheke na majike watano au sita wa kienyeji. Jogoo ni wa anayetaka vifaranga. Mayai yanatagwa bila yeye. Banda lilale mashariki kwa magharibi, pande ndefu ziwe za wavu ili upepo wa ziwa upite, na nyasi zitandazwe juu ya mabati. Maji yabadilishwe asubuhi na mchana, chakula kitolewe kabla jua halijawa kali.

Inabaki chanjo ya Newcastle, ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima. Chupa moja inapita mahitaji ya jamaa moja. Majirani wachange, wachanje siku moja. Bila hiyo, kuku wa jirani asiyechanja atamaliza kazi ya mwaka mzima.