Msumeno wa Dola Mia Unatutosha

Mkutano wa chama wa mwezi uliopita uliahirishwa bila uamuzi, na jambo lililoukwamisha ni msumeno. Wote tumekubaliana kwamba kwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, jukwaa letu lipambwe kwa mbao nyembamba zilizokatwa maua na matundu, mfano wa zile zinazoning'inia kwenye roshani za Mji Mkongwe wa Unguja. Tumekubaliana pia kwamba kazi hiyo tuifanye pamoja na watoto wa Gulfton wanaosoma Kiswahili nasi kila Jumamosi. Kilichotushinda ni mashine. Kundi moja linataka msumeno unaopita dola 500. Jingine linasema tusinunue chochote, tupeleke michoro kwenye mashine ya leza ya chuo. Sisi wanachama tunaoishi Gulfton tunasema tununue ule wa dola mia na ushei, na tunaomba tusikilizwe kabla ya kura.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo mkutanoni zilichanganywa chini ya neno moja, nakshi. Milango ya Lamu na Unguja huchongwa: fundi hushika patasi na nyundo ya mti, akachimba ubao mnene, na nyuma ya ua hubaki mti. Hapo msumeno tunaouzungumzia hausaidii kitu, na mwenzetu aliyependekeza tutengeneze nao mlango wa ukumbini itabidi atafute patasi. Kazi tunayoitaka sisi ni ya kukata. Ubao hutobolewa ukapita upande wa pili, mwanga na upepo vikapenya, na kivuli cha ua kikaanguka ukutani. Anayetaka kuiona katika ubora wake aitazame Zahanati ya Kale, inayoikabili bahari pale Unguja. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 kwa gharama za Tharia Topan, tajiri Mwismaili mwenye asili ya Kutch, na jengo likamalizika 1894, yeye akiwa amekwisha kufariki. Roshani zile zina sura ya Kihindi waziwazi, na ni zetu vilevile. Hatuoni haja ya kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Sasa mashine yenyewe. Ni meza ndogo ya chuma yenye mkono juu na mkono chini, na kati yake umekazwa wembe mwembamba wenye meno, unaopanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika. (Tumechagua kuuita wembe. Ubapa lingefaa, lakini linatupeleka kwenye upanga. Walimu wetu wakiwa na neno zuri zaidi, tunalipokea.) Ubao husukumwa kwa mikono miwili, taratibu, wembe ukakaa palepale. Ili kukata tundu lililo katikati ya ubao, unatoboa kwanza kwa keekee, unaufungua wembe juu, unaupitisha kwenye tobo, unaukaza tena, unakata, unaufungua. Ua lenye matundu 30 lina maana ya kufanya hivyo mara 30.

Na hapa ndipo penye siri ya kuchagua, ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Nyembe ziko za aina mbili. Ziko zenye kijipini kilichopita kando kila mwisho, kinachonasa kwenye ndoano ya mashine. Na ziko zisizo na pini, ambazo hubanwa kwa skrubu. Zenye pini ni rahisi kufunga, lakini tobo la kuzipitisha lazima liwe pana kiasi cha milimita 4, na ukishatoboa tobo hilo kwenye jani dogo la mkungumanga, jani lenyewe limekwisha. Zisizo na pini hupita kwenye tobo la milimita moja na nusu. Baadhi ya mashine za bei ya chini kabisa hupokea zenye pini tu. Hizo tusiziguse, hata zikitolewa bure. Lakini ziko nyingine, bei yake juu kidogo tu ya hizo, zinazopokea aina zote mbili. Mfano ni WEN 3921, yenye kina cha inchi 16 na kasi inayorekebishwa kati ya mipigo 400 na 1600 kwa dakika. DeWalt DW788, ambayo kundi la kwanza linaipigania, ina inchi 20 na mipigo 400 hadi 1750. Jukwaa letu litapambwa kwa vipande vya sentimita 30 vilivyopangwa bega kwa bega, mchoro mmoja ukirudiwarudiwa, kama ilivyo desturi ya mapambo yale ya upenuni. Inchi 16 ni zaidi ya sentimita 40. Tutaupeleka wapi ukubwa unaozidi hapo?

Tusiwe wabishi lakini. Mashine ya ghali ina sifa za kweli. Inatetemeka kidogo mno, na wembe wake hufunguliwa kwa kugeuza kijiti kimoja, jambo ambalo katika matundu 30 huokoa vidole na muda mwingi. Fundi anayekata kila siku akinunua mashine ya dola mia tutamshangaa. Sisi tutakata wikendi chache za mwaka, pengine nne, pengine sita. Wenzetu wanatukumbusha kwamba kitu rahisi hugeuka ghali, na usemi huo tunaujua. Unamhusu anayenunua viatu vya kuvaa kila siku, si anayenunua sufuria ya pilau ya sikukuu. Tena mtetemo una dawa: kaza mashine kwa boliti kwenye ubao mzito, weka kipande cha mpira chini yake, punguza kasi. Fedha inayobaki inunue kile ambacho hakika kitaamua ubora wa kazi, yaani nyembe nzuri. Huuzwa kwa dazeni, na plaiwudi huzila haraka kwa sababu ya gundi iliyo kati ya tabaka zake. Mwanafunzi akiona ubao unaungua au wembe unavutwa kando, asisukume kwa nguvu, abadilishe. Zile zenye meno machache ya mwisho yanayotazama juu huacha upande wa chini wa ubao ukiwa safi, na hivyo kupunguza kazi ya msasa. Na wembe ukazwe barabara: ukiugusa kwa ukucha, ulie kama uzi wa gambusi. Ukikaa kimya, haujakazwa.

Jambo jingine ni mahali. Ushauri mwingi wa kununua mashine hizi huandikwa na watu wenye gereji. Gulfton haina gereji. Majengo yetu mengi yalijengwa miaka ya 1960 mwishoni na 1970 kwa vijana waliokuja Houston kufuata mafuta. Mafuta yalipoanguka bei miaka ya 1980 vijana wakaondoka, na wenye nyumba wakafungua milango kwa wahamiaji, kwanza wa Amerika ya Kati, halafu wa kila pembe ya dunia, hadi wa kwetu. Ukuta ni mwembamba, jirani anafanya kazi ya usiku, na ngazi ni za nje. DW788 ina uzito wa kilo 25 hivi. Nani ataipandisha ghorofa ya pili kila Jumamosi na kuishusha? Mashine ndogo ina kama nusu ya uzito huo, na watu wawili wanaibeba huku wakizungumza. Isiwashwe chumbani wanamolala watoto, kwa kuwa vumbi la plaiwudi si la kuvuta. Iwekwe nje kwenye kivuli, mchana, na kila mtu avae barakoa. Mwisho wa siku meza yake ifutwe na kupakwa nta. Unyevu wa Houston hauna huruma na chuma.

Wanaopendekeza leza wana hoja nzuri kuliko wanavyodhaniwa. Kama tungehitaji vipande 200 vinavyofanana, nasi tungepanga foleni huko. Leza huacha ukingo uliokolea weusi, lakini hilo si pingamizi letu. Pingamizi letu ni mlango. Maabara ile ni ya waliosajiliwa chuoni, na mtoto wa miaka 12 kutoka Gulfton haruhusiwi kuingia. Tutamletea kipande kilichokwisha kukatwa, atakipaka rangi, tutapiga picha. Sisi tunaokaa nao tunasema hapana.

Wengi wa watoto hao wazazi wao wametoka Kivu. Kiswahili cha nyumbani kwao ni cha Bukavu na Uvira, cha darasani kwetu ni cha vitabu, na katikati yake kimekaa Kiingereza cha shule. Ukiwauliza ngeli, wananyamaza. Wape kazi ya mikono, maneno yanatoka yenyewe: nishikie, sukuma polepole, geuza, mbona umepita mstari, nipe tupa, siyo hiyo. Mama mmoja jirani alipotusikia tukitaja keekee alicheka hadi akakaa chini. Kisha akatueleza majina ya Kifaransa ambayo mafundi wa kwao huyatumia, na binti yake, ambaye kwa miezi mitatu hakuwahi kutamka sentensi nzima darasani, akaanza kumtafsiria kwetu. Somo la namna hiyo hatujui kuliandaa kwa ubao na chaki.

Ndiyo maana pendekezo letu lina sehemu ya pili. Pamoja na mashine hiyo moja, tununue misumeno minne ya mkono, ile ya fremu ya chuma yenye umbo la U, inayofungwa wembe uleule usio na pini. Ubao mdogo uliokatwa pembe ya V ubanwe ukingoni mwa meza, kazi iwekwe juu yake, na mtoto akate kwa kupandisha na kushusha mkono. Haina kelele wala umeme. Wadogo waanze hapo, na mashine iwe ya wale wakubwa, mmoja baada ya mwingine, mtu mzima akiwa kando. Kwa maua makubwa, kazi ya mkono haina aibu yoyote mbele ya ile ya mashine.

Tumejumlisha mashine, misumeno minne, dazeni sita za nyembe, miwani na barakoa, na plaiwudi ya milimita 6. Jumla haifiki dola 300. DW788 peke yake, bila wembe wa ziada wala ubao, ingemeza fedha za kuchapisha gazeti hili kwa muhula mzima. Kura ni Alhamisi. Michoro sita iko tayari kwa katibu, na jirani yetu mmoja, seremala mstaafu, amekubali kukaa nasi Jumamosi mbili za kwanza iwapo chai itakuwa ya maziwa.