Mbu Hakutenguliwa

Sikonge hatuhitaji kuelezwa kwamba ugonjwa hautoweki kwa kunyamaziwa. Huku mbung'o ndiye mwenyeji wa pori. Warina asali wanaujua ugonjwa wa malale tangu enzi za babu zao, na Waingereza walipotawala Tanganyika waliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja ili kumkwepa mdudu huyo. Bila mtu wa kuchukua damu, kuipima na kusema alichokiona, tungebaki kusingizia wachawi.

Mwele Malecela alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, baada ya miaka mingi ya kupambana na matende na mabusha, magonjwa ambayo wengi huyafanyia mzaha. Desemba 2016 alitangaza kwamba utafiti umebaini virusi vya Zika kwa Watanzania. Wizara ikasema nchi haina Zika. Hazikupita siku mbili, Rais Magufuli akatengua uteuzi wake.

Utasikia kwamba alikiuka utaratibu, kwamba watalii wangekimbia. Kama ni utaratibu, barua ya onyo ingetosha. Virusi hivyo vina jina la msitu wa Uganda, vilikogunduliwa mwaka 1947. Ni majirani zetu wa siku nyingi. Na mjamzito wa Sikonge anayeumwa na mbu usiku na mchana, yeye asubiri mtalii aridhike kwanza?

Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, akaiongoza kutoka Geneva hadi alipofariki Februari 2022. Malale ni mojawapo ya magonjwa ya idara hiyo.