Daraja au Kamanga: hesabu ya mchuuzi wa Sengerema

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, wengi wamedhani kuwa suala la kuvuka Ghuba ya Mwanza limekwisha. Kwa mwenye basi au lori ni kweli. Kati ya Kigongo na Busisi kivuko kilitumia kama nusu saa majini, lakini kilichoumiza ni foleni, ambayo siku nyingine ilikuwa fupi na siku nyingine ilikula saa mbili. Daraja hilo, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, huvukwa kwa dakika chache.

Kwa mchuuzi mdogo, hata hivyo, bado kuna njia mbili. Kivuko cha Kamanga humshusha katikati ya Jiji, na anaweza kuacha pikipiki ng'ambo akavuka kwa miguu. Daraja humzungusha kusini, kupitia Usagara na Buhongwa, ndipo aingie mjini.

Chukua mfano. Njia ya kwanza huchukua saa mbili kila siku. Ya pili huchukua saa moja kwa siku nne, na siku ya tano saa nne. Kwa wastani ya pili ni saa moja na dakika 36. Kwa mwenye dagaa wakavu wa kupeleka Mwaloni Kirumba hiyo ndiyo bora, kwani dagaa hawaharibiki kwa kuchelewa. Mwenye matenga ya nyanya hawezi kuhesabu hivyo. Siku ile moja atakuta wanunuzi wa jumla wameshapakia, na aliyebaki sokoni anajua nyanya hazitalala. Hapo bei hutajwa na mnunuzi, na hasara yake yaweza kumeza faida ya siku nne.

Daraja limempa mtu huyu uhakika wa saa ya kufika. Lakini uhakika huo anao pia dalali wa Mwanza mwenye Fuso, anayeweza kufuata mananasi shambani Buchosa na kurudi mapema. Mkulima aulize kwanza bei ya Mwanza ya siku hiyo kabla ya kukubali. Dalali anayekata bei kwa kisingizio cha foleni ya Busisi hana tena kisingizio hicho.

Wenye hesabu ngumu zaidi ni mama lishe na wauza samaki wa kukaanga wa pale kivukoni. Foleni ile ndiyo iliyokuwa ikiwaletea wateja, na sasa magari yanapita bila kusimama.