TUSILITUPE KANISA LA MAKABURINI

Wahenga walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hii ndiyo ngao ya baadhi ya wanafunzi wenzetu wanapoulizwa juu ya lile kanisa dogo la Wareno lililoko makaburini, mjini Malindi. Ati Wareno walikuja, wakatutesa, wakaenda zao. Ya nini basi kuhangaika na kijumba chao? Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tulijue kanisa lenyewe. Liko kando ya barabara ya ufuoni, mwendo mfupi tu kutoka Nguzo ya Vasco da Gama ukielekea mjini. Ni dogo mno. Kuta zake ni nyeupe na paa lake ni la makuti, kama nyumba nyingi za Pwani. Limezungukwa na makaburi, mengi yakiwa ya Wazungu wa enzi za ukoloni. Ukilipita ukiwa ndani ya matatu waweza kudhani ni stoo ya mtu. Kumbe ni miongoni mwa majengo ya Kikristo ya kale zaidi katika Afrika ya Mashariki!

Lilifikaje hapo? Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, baada ya mambo kumwendea kombo Mombasa. Mfalme wa Malindi, ambaye hakupikika chungu kimoja na mwenzake wa Mombasa, alimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Tangu hapo merikebu za Wareno zikawa zikipitia Malindi kuchota maji na kununua vyakula. Safari zile zilikuwa ndefu na maradhi yalikuwa mengi. Mabaharia walikufa, na maiti haingoji. Ndiyo maana mahali pa kuzikia na pa kusalia pakahitajika.

Hapa ndipo ninapotaka tutege masikio. Mwaka wa 1542 padre mmoja aitwaye Francis Xavier alitua Malindi akiwa njiani kwenda Goa. Ndiye yule ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka wa 1622. Mtu mmoja waliyesafiri naye alifariki, wakamzika Malindi kwa taratibu zote za dini yao. Mapokeo huyahusisha maziko hayo na uwanja huu wa makaburi. Padre mwenyewe aliandika barua kutoka Goa mwaka uo huo, akasema kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyomzika mwenzao.

Tena hayakuishia hapo. Mzee mmoja mwenye hadhi mjini alimuuliza padre kama kwao watu bado wanahudhuria ibada, kwa maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 lakini ni 3 tu iliyokuwa ikipata watu. Jibu la padre halikuwa la kiungwana: alishikilia kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Lakini hebu fikiria! Wazee wawili wa dini mbili, mmoja mwenyeji na mwingine mgeni, wanazungumza juu ya watu kuacha sala, takriban miaka mia tano iliyopita. Si maneno hayo hayo tunayoyasikia kwa wazazi wetu hadi leo?

Najua kuna atakayenirukia: "Na mabaya yao je?" Siyafichi. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliiteka Mombasa, akaipora na kuitia moto. Hata urafiki wa Malindi haukulipwa vyema, kwani mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus wakahamishia nguvu zao Mombasa, na Malindi ikabaki ikififia. Lakini je, tukilibomoa kanisa tutakuwa tumemwadhibu nani? Mreno hayupo. Atakayepoteza ni mtoto wa Malindi, ambaye hatakuwa na la kuonyesha isipokuwa maneno matupu. Isitoshe, baharia yule alilala katika ardhi ya Waislamu kwa hisani ya wenyeji. Basi kanisa hili ni ushahidi wa utu wa babu zetu, waliomwachia mgeni mahali pa kulala asiyeweza kuamka akaenda kwao. Hilo ni la kujivunia, si la kutupa.

Hatari iliyopo si ya maneno tu. Makuti huoza baada ya miaka michache na ni lazima yaezekwe upya. Chumvi ya bahari hula kuta kimyakimya. Zaidi ya yote, kila mtu anajua kiwanja cha ufuoni ni mali, na wanyakuzi wa ardhi ya umma hawaogopi hata makaburi. Tunayo Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006, lakini sheria bila macho ya wananchi ni kama mbwa asiye na meno.

Wanachama wenzangu, tufanye nini? Mabasi ya ziara za shule huenda Gedi, yakasimama kwenye nguzo, kisha wote mbio ufuoni kuogelea. Tuwaombe walimu watutengee nusu saa tu pale kanisani. Tukifika, tusichore majina yetu ukutani wala tusikalie makaburi. Na tunaotoka Malindi tuwaulize wazee wanayoyajua, tuyaandike kwa Kiswahili katika jarida hili.

Aliyezikwa pale hakuachiwa hata jina. Wenyeji walimheshimu hivyo hivyo, bila kumjua. Je, sisi tunaojua kusoma na kuandika tutashindwa?