Kabla ya kuwafukuza hao wasichana wawili, niambieni bweni lina milango mingapi

1.
Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, kwa hivyo mkiona ukali humu mjue ni hasira na usingizi pamoja. Lakini nitaandika tu. Tangu juzi kwenye grupu ya wazazi wa shule ya mwanangu inazungushwa barua ya kutiwa sahihi. Inataka wasichana wawili wa Gredi ya 8 waondolewe kwa sababu ni watoto wa wakimbizi. Sababu iliyoandikwa: "usalama wa watoto wetu". Wazazi zaidi ya 60 washatia sahihi. Wewe unayesoma hapa pengine ni mmoja wao. Sikutukani. Kaa tuongee.

2.
Barua yenyewe imetaja Garissa, kama kawaida. Haya, tuanze hapo. 2 Aprili 2015, alfajiri, watu 148 waliuawa pale chuoni, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye serikali ikasema Dadaab ifungwe ndani ya miezi 3. Na ni nani walioingia na bunduki? Mmoja alikuwa Mkenya, tena msomi wa sheria kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Babake alikuwa ameripoti kwamba kijana amepotea na anahofia amevuka kwenda Somalia. Mwaka 2019 mahakama ikawapata watatu na hatia: Mtanzania mmoja na Wakenya wawili.

Na msisahau mwaka mmoja kabla, Aprili 2014. Polisi walizoa maelfu ya watu Eastleigh, wakawajaza uwanja wa Kasarani, kina mama na watoto wachanga ndani. Tukapiga makofi, hata mimi nilipiga, nisijifanye. Tuliambiwa sasa nchi iko salama. Garissa ikaja baada ya msako huo.

3.
Siku ile waliovamia waliingia alfajiri. Makomando wakamaliza kazi jioni. Kati ya alfajiri na jioni kuna saa ngapi? Hilo ndilo swali la usalama wa wanafunzi. Lakini kumuuliza mkubwa wa polisi swali hilo ni kazi ngumu, kumfukuza msichana wa Gredi ya 8 ni rahisi.

4.
Kuna mtu amenijia inbox: "Kwani wewe ni wa kwao?" Mimi ni Mkamba wa Machakos, asante kwa kuuliza.

Na sisemi kambini hakuna wahalifu. Dadaab ni mji mkubwa, umekuwepo tangu 1991, na hakuna mji usio na mwizi. Aliyefanya kosa atajwe kwa jina lake, akamatwe, apelekwe kortini. Hawa wasichana wametajwa kwa kosa gani? Nimesoma barua mara tatu. Hakuna.

Halafu wengi wa watu hao wa Dadaab wamekimbia nani? Wamekimbia hao hao al-Shabaab waliosimamisha basi Mandera Novemba 2014 na kuua watu 28, walimu wakiwemo. Leo kuna watoto wa Mandera, Wajir na Garissa, Wakenya kabisa, wanaokaa darasani bila mwalimu kwa sababu walimu walihofia maisha yao wakaomba uhamisho. Sijaona barua yao kwa grupu.

5.
Sasa nije kwa kazi yangu. Kuna wakati niliwekwa wodi ya majeraha ya moto. Tukaletewa mvulana kutoka shule ya bweni, shule siitaji. Ukifanya kazi hiyo unajua kusoma jeraha. Mtoto akimwagikiwa chai huungua kifua na mapaja. Huyu aliungua viganja. Mistari, mkono huu na huu. Nilikuwa nafunga bandeji ndipo nikaelewa: alishika vyuma vya dirisha akivitikisa. Mwenzake wa kitanda cha juu hakuletwa wodini.

Hiyo ndiyo hofu yangu mimi.

6.
Bombolulu, 1998: wasichana 26. Kyanguli, 2001: wavulana 67, na hiyo ni kwetu Machakos, nakumbuka mama akirudi kutoka mazishini hakuongea siku mbili. Moi Girls Nairobi, 2017: wasichana 10. Endarasha, Nyeri, 2024: wavulana 21. Jumla 124, na hayo ni mabweni manne tu. Kyanguli walioshtakiwa walikuwa wanafunzi wa shule ile ile. Moi Girls aliyepatikana na hatia ni mwanafunzi. Nionyesheni mkimbizi kwenye orodha hiyo.

7.
Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama mwaka 2008. Mlango kila upande wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda mita 1.2.

Siku ya kutembelea watoto, mwezi Februari, niliingia bweni la wasichana pale kwetu. Mlango unaotumika ni mmoja. Wa pili una kufuli, na ufunguo uko kwa matroni, anayelala nyumba nyingine. Dabo deka zimebanana hadi mtoto anapita kwa ubavu. Vyuma kila dirisha. Nikamuuliza matroni, akaniambia, "Ni juu ya wezi, dada."

Niliandika kwa grupu jioni hiyo hiyo, na picha nikaweka. Nilipata mikono miwili ya maombi na mtu mmoja akauliza bei ya sweta za shule. Sahihi: sifuri.

Hao wasichana wawili wanalala kitanda cha tatu kutoka kwa ule mlango wenye kufuli. Wangu analala cha tano.

8.
Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Ajenda ya kwanza ni ile barua. Nimemwomba mwenyekiti aongeze ya pili, ufunguo wa ule mlango, hajanijibu. Nitasimama hata kama haimo. Ulitia sahihi? Njoo. Kwanza pitia bwenini, jaribu kufungua mlango wa pili kwa mkono wako, halafu uingie ukumbini useme ulichotaka kusema.